Kidevu cheusi, ngozi inayowasha: Maradhi ya paka wa ndani katika miji ya Mlima Kenya

MKAZI wa Nyeri anayefuga paka nyumbani akimwinua mnyama wake kichwa na kumtazama chini ya mdomo, huenda akakuta chembechembe nyeusi zilizotapakaa kidevuni kama pilipili manga iliyosagwa. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula au masizi ya jikoni. Huzifuta kwa kitambaa, na kesho yake huzikuta pale pale.

Aghalabu chembechembe hizo ni chunusi. Paka wa umri wowote anaweza kuzipata, awe dume au jike, awe aliokotwa mtaani au alinunuliwa kwa bei ghali. Kwa kawaida chunusi zenyewe hazihatarishi maisha yake.

Hatari iko kwingine. Iko katika kuzichanganya na maradhi mengine yanayofanana nazo, yakiwemo yanayoambukiza watoto wa nyumba hiyo. Iko pia katika dawa ambazo mwenye paka huzikimbilia pasipo kuuliza.

Eneo la Mlima Kenya ni eneo la ng'ombe wa maziwa, na katika maboma mengi dawa ya kuulia kupe haikosekani ghalani. Dawa hiyo hiyo inayomwacha ng'ombe akitafuna majani kwa utulivu yaweza kumuua paka kwa muda wa saa chache. Makala haya yanaeleza chanzo cha vidoa vya kidevuni na mwasho wa ngozi, namna ya kutofautisha ugonjwa mmoja na mwingine, na mambo ambayo mwenye paka hapaswi kuyajaribu kamwe.

Mazingira ya baridi na maisha ya ndani

Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kati ya safu za Nyandarua na Mlima Kenya wenyewe, ambao kilele chake kina urefu wa mita 5,199. Nanyuki, uliopo kwenye mstari wa Ikweta, uko juu zaidi, takriban mita 1,900. Kati ya Juni na Agosti ukungu hutanda asubuhi, manyunyu huanguka, na jua huonekana kwa nadra.

Katika miezi hiyo paka hutafuta joto. Hujikunja juu ya kochi, huingia chini ya blanketi la mtoto, au hulala kando ya jiko na pengine ndani ya jivu lenyewe likiwa lingali vuguvugu. Jivu la kuni lina magadi ndani yake. Likichanganyika na unyevu huchoma ngozi laini ya kidevu, tumbo na nyayo.

Jadi ya paka katika sehemu hizi ni kazi ya ghalani. Wakikuyu humwita nyau, jina linalofanana na mlio wake, na kwa miaka mingi alithaminiwa kwa kulinda mahindi na maharagwe dhidi ya panya. Paka wa namna hiyo huzurura, hujikwaruza kwenye magome ya miti na hula anachokamata.

Paka anayeishi katika nyumba ya kupanga mjini Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu au Meru ana maisha tofauti. Hula katika bakuli moja kila siku, hulala pahali pamoja, na husugua kidevu chake kwenye miguu ya meza ile ile na pembe za mlango ule ule. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha ugonjwa wake wa ngozi hana budi kuanza na chombo cha chakula, malazi, na viumbe anaoishi nao.

Chunusi za kidevuni hutokeaje?

Kidevu cha paka kina tezi nyingi za mafuta. Mafuta hayo hubeba harufu ya mnyama, na paka anaposugua kidevu kwenye kiti au kwenye mguu wa bwana wake huwa anaacha alama ya kuonyesha kwamba mahali hapo ni pake.

Kila unywele hutoka katika kitundu kidogo cha ngozi. Seli za ngozi zilizokufa zikilundikana ndani ya kitundu hicho na kuchanganyika na mafuta, kitundu huziba. Kizibo hicho kikikutana na hewa hugeuka cheusi. Hizo ndizo chembe zinazoonekana kama pilipili manga.

Hatua hii ya kwanza haimsumbui paka hata kidogo. Hajikuni, hula vizuri na hucheza kama kawaida. Paka wengi hubaki katika hatua hiyo maisha yao yote.

Hatua ya pili huanza bakteria wanapoingia ndani ya vitundu vilivyoziba. Kidevu huwa chekundu, vipele vyenye usaha huchomoza, na nywele hupukutika. Baadaye kidevu huvimba, vipele hupasuka na kutoa damu, na paka hukataa kuguswa. Wakati mwingine bakteria hao huandamana na hamira za ngozi, ambazo ni aina ya kuvu, na mwasho ukazidi.

Sababu hasa inayofanya paka mmoja apate chunusi na mwenzake aliye nyumba hiyo hiyo asipate haijabainika kikamilifu. Hata hivyo, kuna mambo kadhaa ambayo madaktari wa wanyama huyachunguza kwanza.

La kwanza ni bakuli la plastiki. Plastiki hukwaruzika upesi, na katika mikwaruzo hiyo mafuta na bakteria hujificha hata baada ya kuoshwa. Baadhi ya paka pia huwa na mzio wa plastiki yenyewe. Ushahidi kuhusu jambo hili haujakamilika, lakini kubadilisha bakuli ni hatua nyepesi, na kuna paka ambao hupona kwa hilo tu.

La pili ni usafi wa mwili. Paka hujisafisha kwa ulimi, lakini ulimi haufiki kidevuni. Hutegemea kulowesha mguu wa mbele na kujifuta nao. Paka mzee, mnene kupita kiasi au mwenye maumivu ya viungo hushindwa kufanya hivyo barabara.

La tatu ni bakuli lenye kina kirefu, linalomlazimu paka kutumbukiza kidevu chake kwenye mchuzi au maziwa kila anapokula. La nne ni msongo wa moyo, kama vile kuhamia nyumba mpya, kuletwa kwa paka mwingine au kuzaliwa kwa mtoto. La tano ni mzio wa chakula au wa vumbi, ambao huifanya ngozi yote iwe nyepesi kudhurika.

Tiba ya kuanzia nyumbani

Ikiwa kidevu kina vidoa vyeusi tu, bila uvimbe wala usaha, mwenye paka anaweza kuanza mwenyewe. Kwanza, atupilie mbali bakuli la plastiki na kulibadilisha na sahani pana ya kauri, ya kioo au ya chuma kisichoshika kutu. Chombo hicho kioshwe kila siku kwa maji ya moto na sabuni, kisha kisuuzwe vyema. Bakuli la maji lisisahaulike, kwani nalo hugusana na kidevu.

Pili, achovye kitambaa safi cha pamba kwenye maji ya vuguvugu na kukikandamiza taratibu kidevuni kwa dakika chache, mara mbili kwa siku. Joto hilo hulainisha vizibo vikaachia vyenyewe. Baada ya hapo kidevu kikaushwe kabisa, kwani unyevu hukaribisha kuvu.

Tatu, ikihitajika dawa ya kuua viini, inayofaa ni klorheksidini iliyochanganywa kwa kipimo alichoagiza daktari. Dawa za kuua viini zinazotumiwa majumbani, hasa zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zinapotiwa majini, hazimfai paka. Kemikali zilizomo humdhuru ngozi, na akizilamba humchoma kinywa na kumletea sumu mwilini. Spiriti nayo huchoma kidonda na kukiongezea mwasho.

Jambo la kuepukwa kabisa ni kutumbua. Mtu anapokamua chunusi ya paka husukuma uchafu ndani zaidi ya ngozi, na kipele kidogo kikageuka jipu. Vilevile, mafuta ya kupaka ya chunusi za vijana yasitumiwe. Mengi yana makali yasiyolingana na ngozi ya paka, na kila kinachopakwa kidevuni mwake huishia tumboni.

Paka asiyetaka kushikwa afungwe kwa taulo au shuka, miguu yote ikiwa ndani na kichwa kikiwa nje. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali. Kichaa cha mbwa kipo nchini na paka huweza kukibeba. Serikali ya Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mpango wa kuvimaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huo ifikapo 2030, na chanjo ya paka ni sehemu ya kinga ya nyumba nzima.

Iwapo hakuna nafuu baada ya wiki mbili au tatu, au iwapo usaha umeonekana, daktari ataamua kama panahitajika malhamu ya kuua bakteria, vidonge, au uchunguzi zaidi. Ifahamike kuwa chunusi za paka mara nyingi hurudi. Lengo ni kuzidhibiti kwa usafi wa kudumu, si kuzifuta mara moja tu.

Si kila kidoa ni chunusi

Ugonjwa wa kwanza unaochanganywa na chunusi ni viroboto. Kinyesi cha kiroboto nacho ni chembe nyeusi, na hupatikana kidevuni, shingoni na karibu na mkia. Kuna njia rahisi ya kutofautisha. Chukua karatasi nyeupe ya chooni, iloweshe, kisha weka juu yake chembe ulizozichana kutoka kwa paka. Zikigeuka na kutoa rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu iliyosagwa tumboni mwa kiroboto. Zisipobadilika, yamkini ni vizibo vya chunusi.

Paka aliye na mzio wa mate ya kiroboto hahitaji kuumwa na viroboto wengi ili ateseke. Wachache tu wanatosha. Hujikuna na kujilamba hadi manyoya yaishe mgongoni, na ngozi yake huota vigaga vidogo vinavyohisika chini ya vidole kama punje za wimbi. Hata jina la kitaalamu la hali hiyo limetokana na nafaka za jamii hiyo.

Wengi hukosea kwa kudhani kwamba paka asiyetoka nje hawezi kupata viroboto. Kiroboto huingia kwa mbwa, kwa panya, au kwa nguo na viatu vya wenye nyumba. Kiroboto jike hutaga mayai 40 au zaidi kwa siku, na mayai hayo hudondoka kwenye zulia, kochi na nyufa za sakafu. Baada ya kupitia hatua ya kiwavi, kiroboto mchanga huweza kusubiri ndani ya kifukofuko chake kwa miezi kadhaa mpaka ahisi joto na mtikisiko wa kiumbe anayepita.

Kwa hiyo tiba ya paka peke yake haitoshi. Wanyama wote wa nyumba watibiwe siku moja, malazi yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani, na sakafu ifagiliwe hadi pembeni. Kazi hiyo iendelezwe kwa miezi mitatu hivi. Pia, kiroboto hubeba tegu wachanga, hivyo paka mwenye viroboto hupewa dawa ya minyoo.

Ndugu wa kiroboto ni funza, anayejulikana sana katika sehemu za Murang'a na maeneo mengine ya Kenya ya Kati kwa kuwatesa watoto na wazee. Mdudu huyu asili yake ni Amerika. Aliingia Afrika kwa meli iliyotoka Brazil hadi Angola mwaka wa 1872, na kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa amevuka bara hadi Afrika Mashariki. Funza hupenya pia nyayo za paka na mbwa. Nyumba inayotibu watoto na kuwasahau wanyama wake itaendelea kuwa na funza.

Choa: paka asilaumiwe bure

Ugonjwa wa pili ni choa, ambao wengi nchini Kenya huuita mashilingi kwa kuwa alama zake ni za mviringo kama sarafu. Kwa paka husababishwa hasa na kuvu iitwayo Microsporum canis. Nywele hukatika, ngozi huwa na magamba ya kijivu, na mara nyingi huanzia usoni, masikioni na miguu ya mbele. Ikiwa kidevuni, huweza kufanana mno na chunusi.

Tofauti kubwa ni kwamba choa huambukiza. Watoto wanaolala na paka, wazee, na watu ambao kinga yao imepungua kutokana na maradhi au dawa ndio walio katika hatari zaidi. Paka mwenye manyoya marefu huweza kubeba kuvu hiyo bila kuonyesha dalili yoyote.

Daktari huweza kutumia taa maalumu ya miali ya urujuanimno, ambayo huzifanya nywele zilizoathirika zing'ae kijani. Lakini si kila aina ya kuvu hiyo hung'aa, na kwa hiyo taa isipoonyesha kitu, ugonjwa haujakanushwa. Njia ya uhakika zaidi ni kuotesha nywele hizo katika maabara, kazi inayoweza kuchukua wiki mbili au tatu.

Tiba yake ni ndefu. Paka huogeshwa kwa dawa ya kuvu na kumeza vidonge kwa wiki kadhaa, naye hutengwa katika chumba kinachosafishika. Chembe za kuvu huweza kukaa hai kwenye zulia na blanketi kwa zaidi ya mwaka, hivyo usafi wa nyumba ni nusu ya tiba.

Hata hivyo, haifai kumfukuza paka kila mtoto anapoota mashilingi kichwani. Katika watoto wa shule, choa cha kichwani mara nyingi hutokana na kuvu nyingine inayoenea kutoka kwa mtoto hadi kwa mtoto kwa kubadilishana kofia, vitana na mashine za kinyozi. Mtoto apelekwe zahanati na paka apelekwe kwa daktari wa wanyama, kila mmoja achunguzwe kivyake.

Utitiri, vivimbe na jua la Ikweta

Ugonjwa wa tatu ni upele unaoletwa na utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho. Mmoja wao huanzia ukingoni mwa masikio na kuenea usoni hadi shingoni. Ngozi hukunjamana, huwa ngumu na ya kijivu, na mwasho wake ni mkali usiku na mchana. Mwingine hukaa ndani ya sikio na kuacha uchafu mweusi unaofanana na majani ya chai yaliyochujwa. Utitiri wa aina hizi huambukiza paka wengine upesi.

Wa nne ni uvimbe wa kidevu usio na chembe nyeusi. Kidevu huonekana kimejaa kama cha mtu anayetabasamu. Hali hiyo mara nyingi hutokana na mzio, na huweza kuandamana na kidonda kwenye mdomo wa juu. Uvimbe wa upande mmoja tu, wenye maumivu na homa, huweza kuwa jipu la jino au la jeraha la ugomvi. Katika paka mzee, uvimbe mgumu unaokua haraka unahitaji kuchunguzwa kwa ajili ya saratani.

Wa tano ni madhara ya jua. Kwa kuwa baridi ni kali, paka wa Nyeri au Nanyuki hupenda kuota jua kibarazani likichomoza. Lakini katika Ikweta na katika mwinuko kama huu, miali ya jua ni mikali hata hewa inapokuwa baridi. Paka mweupe, au mwenye masikio na pua nyeupe, huweza kuungua ncha za masikio. Mwanzoni huwa wekundu na magamba madogo, kisha kidonda kisichopona, na mwishowe saratani.

Kidonda cha sikioni au puani kisichofunga kwa wiki tatu kisichukuliwe kuwa mkwaruzo wa kawaida. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema, kukata ncha ya sikio kwaweza kuokoa maisha. Paka mweupe azuiwe jua la mchana. Kioo cha dirisha hupunguza sehemu kubwa ya miali inayounguza, hivyo kuota jua ndani ya nyumba kuna nafuu.

Dawa ya ng'ombe si dawa ya paka

Hapa ndipo penye msiba mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Paka akijikuna, mwenye boma huona ni jambo la busara kumchovya katika mabaki ya dawa ya kupe aliyomnyunyizia ng'ombe. Wengine humpaka mafuta taa, oili chafu ya gari au unga wa tumbaku.

Ini la paka halina uwezo kamili wa kuvunjavunja kemikali nyingi ambazo binadamu, mbwa na ng'ombe huzivunja kwa wepesi. Permetrini na saipametrini, zinazopatikana katika dawa nyingi za kupe na viroboto, humfanya paka atetemeke, atokwe na mate na kupatwa na kifafa. Amitrazi, ambayo nayo hutumiwa sana kwa kupe wa ng'ombe, humlegeza, hushusha joto la mwili na kupunguza mapigo ya moyo. Dawa za jamii ya oganofosfeti humletea kutapika, kuhara na kushindwa kupumua.

Hata dawa ya viroboto iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa haifai kupewa paka bila idhini ya daktari, kwani baadhi zina permetrini nyingi. Vilevile paka asilale na mbwa aliyepakwa dawa ya namna hiyo kabla haijakauka.

Dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya paka zipo, nyingi zikiwa za kudondoshea kwenye ngozi ya kisogo, mahali ambapo ulimi haufiki. Hutolewa kulingana na uzito wa paka, na kwa hiyo ni vyema apimwe kwanza. Wenye sungura, nao ni wengi katika eneo hili, wajihadhari na fiproneli. Dawa hiyo haimdhuru paka ikitumiwa ipasavyo, lakini ni sumu kwa sungura.

Onyo jingine ni kuhusu dawa za maumivu. Paka anayejikuna hadi kutoka damu huamsha huruma, na mtu akampa parasetamoli. Kidonge kimoja tu cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka rangi ya samawati au kahawia, na uso huvimba.

Paka aliyepakwa dawa isiyofaa aoshwe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, akaushwe, afunikwe asipate baridi na kukimbizwa kwa daktari. Asilazimishwe kunywa maziwa wala mafuta, na asitapishwe. Chupa au pakiti ya dawa ibebwe, kwa kuwa jina la kemikali ndilo litakalomwelekeza daktari.

Chakula na ngozi

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Katika nyumba nyingi hulishwa ugali na maziwa, au mabaki ya mukimo na githeri. Chakula hicho humshibisha bila kumjenga. Ngozi hukauka na kutoa mba, manyoya hupoteza mng'ao, na kidonda kidogo huchukua muda mrefu kupona.

Si lazima mtu anunue chakula cha pakiti ili kurekebisha hali hiyo, ijapokuwa kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa paka ndicho rahisi zaidi kwa anayekimudu. Omena waliochemshwa bila chumvi, mayai yaliyopikwa, matumbo na kiasi kidogo cha maini humwongezea protini na mafuta anayoyahitaji. Maini yasizidi, kwani vitamini A ikipita kiasi hudhuru mifupa.

Vitunguu maji na vitunguu saumu vya namna zote, vibichi kwa vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Kwa sababu hiyo mchuzi wa mezani si chakula chake. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi waliokwisha kukua.

Daktari yuko wapi?

Tangu 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010. Madaktari wengi wa Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru hushughulika zaidi na ng'ombe, lakini wamesomea pia maradhi ya paka. Mfugaji ana haki ya kuuliza iwapo anayemhudumia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini, kama inavyotakiwa na sheria ya 2011 inayosimamia taaluma hiyo. Muuzaji wa agroveti si lazima awe daktari.

Kwa magonjwa yanayohitaji vipimo vya kina, kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, ambako madaktari wa taifa hili hufunzwa.

Daktari aonwe bila kukawia endapo kidevu kimevimba au kinatoa usaha. Endapo paka hali kwa siku nzima. Endapo mtu wa nyumba hiyo ameota vipele au mashilingi. Endapo kidonda cha sikio au pua hakifungi. Au endapo paka anatetemeka baada ya kupakwa dawa. Mwenye paka aende akiwa na majibu ya maswali machache: paka anakula nini na katika chombo gani, analala wapi, anaishi na wanyama gani, na amepakwa au amemezeshwa nini kufikia siku hiyo.

Swali hilo la mwisho lijibiwe kwa ukweli mtupu. Daktari akijua kwamba paka alichovywa katika dawa ya kupe asubuhi, anaweza kuanza kumtibu papo hapo. Akifichwa, atapoteza saa akitafuta ugonjwa wa ngozi ilhali kinachomuua mnyama ni sumu. Kuhusu chembe nyeusi za kidevuni, mara nyingi zitahitaji sahani safi, kitambaa cha maji ya vuguvugu na subira ya wiki chache.